Alama ya Marehemu

Nilipomaliza chuo nilirudi Tabora, nikapata kibarua cha kutunza tovuti ya kikundi cha wafuga nyuki wa Ipole. Kila mfugaji alikuwa na linki yake, na mwishoni mwa linki ilikaa alama yake, ile ile anayoichonga kwenye mizinga ili porini ijulikane ni ya nani. Mama mmoja mjane alitumia alama ya marehemu mumewe. Wenzake waliuza asali mnadani; wateja wake wote walikuwa Dar, wakiagiza kwa linki yake.

Siku moja alikuja ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, marehemu mzee wangu amekasirika. Tangu mlete tovuti mpya wateja wananipigia: 'Mama, tumefungua, hatukuoni.' Shemeji anasema ni marehemu anawafukuza, eti mwanamke nimebeba alama ya mwanaume. Jumamosi anataka nimkabidhi mizinga."

"Wewe unasemaje?"

"Marehemu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kupanda miti kutundika mizinga. Akasirikie nini? Lakini naogopa."

Nilitaka kucheka, nikajikuta naogopa pia. Nilifungua linki yake kwenye simu. Ukurasa ukanitaka niingie kwa namba ya simu. Nikaingia, nikatupwa ukurasa wa mwanzo. Kwenye anwani, alama haikuwepo. Nikarudia. Ikatoweka tena.

Kumbukumbu za mtambo ziliwaonyesha wateja wake: wanafika na alama, wanasimamishwa waingie, wanatokea upande wa pili hawana kitu. Niliwawaza wapagazi wa misafara ya zamani waliopita Kwihara, hapa Tabora, wakafika pwani, pasiwe na anayejua wametoka kwa nani.

Nikarekebisha: ukurasa wa kuingilia uishike alama ya mtu, umrudishie akishapita. Nilipojaribu, ndoo zake za asali zikatokea, na alama juu yake.

"Kwa hiyo si yeye," alisema.

"Si yeye, mama. Ni tovuti yetu ilikuwa inaidondosha alama."

Nilidhani atafurahi. Aliitazama simu mpaka kioo kikazimika.

"Kila asubuhi nilikuwa namwomba msamaha," alisema. "Nikajua basi yupo, ananisikia." Akafunga kanga vizuri. "Shemeji mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia. Mizinga sitoi."

Alipoondoka nilianza kufungua linki za wengine, moja moja. Zote zilifika na alama zao. Nikazifungua tena, bado naogopa kidogo.