Nafasi ya Mama Dobi

Kabla ya kuwa meya alikuwa refa, na hata baada ya kuvikwa joho na mkufu watu wa mji ule waliendelea kumwita Refa. Hakukasirika, kwa sababu jina lile ndilo lililompa kura. Mji mzima ulikumbuka jinsi alivyowahi kumtoa uwanjani mdogo wake wa tumbo moja kwa kadi nyekundu, mchana kweupe, huku mama yao mzazi akiwa jukwaani anamtolea macho. Mdogo mtu alinuna mpaka akasahau alichonunia. Mama naye alimnyima chakula cha jioni, mtu mzima na ndevu zake. Lakini uchaguzi ulipofika watu wakasema, aliyempa nduguye kadi nyekundu hatashindwa kuwatendea haki wengine, na masanduku yakajaa.

Haki, kwa Refa, ilianza na foleni. Kila Jumanne alisikiliza shida za watu ofisini kwake, chumba cha mwisho cha jengo la halmashauri, penye veranda ndefu ya saruji. Sheria yake ilikuwa moja: aliyetangulia ametangulia. Awe tajiri, awe diwani, awe shemeji, atasubiri. Mama yake mwenyewe alipokwenda kulalamikia mbwa wa jirani alisubiri zamu yake, akaingia amevimba kama andazi. Na kwa kuwa watu wana mihangaiko yao, foleni ile ilikuwa na desturi yake. Mtu alifika alfajiri, akaweka kitu chake sakafuni, jiwe, kofia, chupa tupu ya maji, kisha akaenda kutafuta riziki. Foleni ikisogea, waliokuwepo walivisogeza kwa mguu vitu vya wasiokuwepo, taratibu, bila kuambiwa. Mji ule ulikuwa na wezi wa kuku, wezi wa nyaya na wezi wa waume wa watu, lakini nafasi ya mtu kwenye foleni ya Refa haikuibwa kamwe.

Basi Jumanne moja, mvua kubwa zilipokwisha kupita, karani wake aliingia amekunja uso.

"Mheshimiwa, watu hawataki kuingia."

"Hawataki? Si wamekuja wenyewe?"

"Kuna kandambili mlangoni, mbele yao wote. Mwenyewe haonekani. Nimewaambia waiweke kando, wanasema sheria ni yako."

Refa akatoka huku anacheka. Kandambili ilikuwa moja tu, ya mguu wa kushoto, bluu iliyopauka, kisigino kimelika upande. Ilikuwa imeloa chepechepe. Jua lilikuwa linawaka tangu asubuhi na veranda ilikuwa kavu, lakini chini ya kandambili ile palikuwa na kidimbwi cha maji, na kidimbwi kilikuwa kinakua.

"Ya nani hii?" akauliza.

Aliyekuwa nyuma ya kandambili ni fundi bomba, mzee mmoja mwenye maneno machache. "Mimi nimeikuta, Refa. Nilikuja bado giza nikidhani leo nitakuwa wa kwanza. Kumbe nimezidiwa."

"Na mwenyewe hukumwona?"

"Kwenye foleni yako huwa tunaona vitu. Watu tunawaona baadaye."

Wengine wakacheka kidogo. Refa akainama aiokote, na hapo kicheko kikamkauka. Ukanda wa kandambili ile ulikuwa umekatika zamani ukafungwa kwa waya wa umeme, waya mwekundu. Aliujua. Alikuwa ameutazama Jumanne nyingi ng'ambo ya meza yake, kwa maana mwenye kandambili alikuwa na tabia ya kunyoosha miguu akikaa, miguu ya mtu aliyesimama kutwa nzima.

Mwenye kandambili alikuwa Mama Dobi, na Mama Dobi alikuwa ameshazikwa.

Aliwafulia watu nguo nyumba hadi nyumba, na shida yake ilikuwa moja. Mtaani kwake wezi wa vyuma chakavu waling'oa mfuniko wa chemba ya mtaro, wakaacha shimo linalommeza mtu mzima. Watoto wa shule walipita hapo kila siku wakirukaruka. Mama Dobi alikuja, akasema. Akarudi, akasema tena. Refa hakuwa mtu wa kutia pamba masikioni. Alimsikiliza kila mara mpaka mwisho. Tatizo ni kwamba mashimo ya namna ile yalikuwa pia mitaa mingine, na yeye alikuwa yeye.

"Nikifunika la kwako kwanza, mama, mitaa mingine itasema nimependelea," alimwambia. "Nasubiri mifuniko itimie, tuyafunike yote siku moja. Kawia ufike."

"Na atakayetumbukia, Refa, huyo atakuwa kakawia au kafika?"

Wakacheka wote wawili. Alikuwa mama wa utani. Akamwambia aje Jumanne ijayo, na Jumanne ijayo akaja.

Haki ya namna hii ina ugonjwa wake, na mimi nitausema hata kama wapenzi wa Refa watanikasirikia: ni haki inayoona bora watu wote wazame pamoja kuliko mmoja kuokolewa kabla ya mwenzake.

Jumanne ya mwisho ya Mama Dobi, Refa alifunga ofisi mapema. Kulikuwa na jukwaa jipya la kuzindua kwenye uwanja wa mpira, na kwa mpira alikuwa radhi hata afunge na mbingu. Alitoka anakimbilia gari, wingu limeshatanda, na kwenye veranda akaviona vitu vya watu vimejipanga. Cha kwanza kabisa kilikuwa ile kandambili yenye waya mwekundu. Aliiona, akamjua mwenyewe, akajua amekwenda kuanua nguo za watu kabla mvua haijaanguka na kwamba atarudi. Akairuka, akaenda zake.

Mvua ile iligeuza barabara kuwa mto. Mama Dobi alirudi, akakuta mlango umefungwa na vitu vimefagiliwa vikatiwa stoo, akashika njia ya kwao na kandambili moja. Kesho yake wakamkuta mtaro unapoishia. Na kwa kuwa alikutwa na kandambili mguu mmoja tu, maneno yakazuka. Wakasema akili zilikuwa zimemruka, kwani mtu mwenye akili zake hutembeaje na kiatu kimoja kwenye mvua kama ile? Msibani Refa alisimama akasema mvua haina macho, akawapa pole wafiwa. Alisikia wanawake wananong'ona kuhusu kichwa cha marehemu. Alimwona binti wa Mama Dobi, mtoto pekee, msusi mwenye kibanda chake karibu na soko, ameinamisha uso kwa aibu ambayo haikuwa yake. Sentensi moja tu ingetosha: alikuwa kwenye foleni yangu. Ilimfika kooni, akaimeza.

Sasa kandambili ilikuwa mlangoni kwake. Akamwita mwanamke wa usafi, akamwambia kwa sauti ya chini aitupe. Mwanamke akaitia kwenye pipa la taka, lori likaja likabeba.

Jumanne iliyofuata kandambili ilikuwepo tena. Mbele ya wote, imeloa.

"Naapa nimeitupa, Mheshimiwa," alisema mwanamke wa usafi, akijishika kifua. Toka siku ile hakuifagia tena veranda peke yake.

La kutisha zaidi halikuwa kandambili, walikuwa watu. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyekimbia. Walisimama nyuma yake kwa adabu, wanaume wazima, kina mama na watoto mgongoni, wakaongea kwa sauti za chini kama watu waliokaa sebuleni kwa mgonjwa. Jua likapanda, likashuka, hakuna aliyeingia. Aliyetangulia ametangulia. Jioni wakaviokota vitu vyao wakaenda, na shida zao wakarudi nazo nyumbani.

Nyumbani kwa Refa nako mambo yakaanza. Mkewe alimwita sebuleni, akamwonyesha sakafu. Alama za maji zilitoka mlangoni mpaka kwenye kiti anachokaliaga mumewe.

"Baba watoto, siku hizi unanawa mguu mmoja?"

Zilikuwa nyayo za kushoto tupu. Refa akachukua tambara akapiga deki mwenyewe, jambo ambalo mkewe alilishangaa kuliko hizo nyayo.

Jumanne ya tatu hakungoja karani. Alisimama mlangoni, akatazama chini, akasema kwa sauti ya kawaida, "Anayefuata." Kisha akaiokota kandambili kwa mikono miwili, akaingia nayo, akaiweka chini ya kiti cha wageni na kufunga mlango.

Chumba kikajaa harufu ya sabuni ya kufulia. Refa akaketi mahali pake, akashika kalamu, maana hakujua mikono aiweke wapi. Maji yakaanza kutiririka kutoka chini ya kile kiti. Sakafu ile ilikuwa imeinamia mlangoni, kila mtu aliyewahi kuipiga deki alijua, lakini maji yale yalipanda. Yalikuja kwake taratibu, yakapita chini ya meza, yakaingia ndani ya viatu vyake, baridi.

"Nimekusikia, mama," akasema. Mdomo ukataka kuendelea na maneno yake uliyoyazoea, kawia ufike, na hapo akanyamaza. Mama wa watu alikuwa amekawia, na amefika.

Waliokuwa nje wakasikia kiti kinaburutwa, halafu mlango ukafunguliwa. "Fundi," Refa alimwambia yule mzee wa bomba, "una bisibisi? Ung'oe huu mlango."

"Upi?"

"Huu wa ofisi yangu."

Ulikuwa mlango wa mbao ngumu, mzito, wenye kibao cha MEYA. Wanaume wanne waliubeba begani, Refa mbele na kandambili mkononi, na foleni nzima ikafuata nyuma, kila mtu kwa nafasi yake, hakuna aliyempita mwenziwe. Wenye maduka walitoka nje kuangalia, wasijue wacheke au wavue kofia. Walipofika mtaani kwa Mama Dobi wakaulaza mlango juu ya shimo, ukalifunika barabara kana kwamba ulichongwa kwa kipimo chake. Maji yaliyokuwa yakivuma mle chini yakanyamaza.

Akaenda moja kwa moja kwa msusi. Binti alikuwa anamsuka mteja, akasimama kwa heshima.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea hii. Imekutwa mtaroni."

Basi! Mtu ameng'oa mlango wake mji mzima unamwona, lakini sentensi moja bado ilimshinda. Binti akaipokea, akaitazama, akainusa.

"Haina harufu ya mtaro," akasema. "Ina harufu ya sabuni. Asante, baba." Akaiweka rafuni karibu na mwenzake, akarudi kwenye nywele za mteja wake.

Wiki ile Refa alilala usingizi. Sakafu ya nyumbani haikulowa. Jumanne akafika ofisini mapema, moyo mwepesi, akaipita veranda akihesabu kwa macho mawe na makopo, na kandambili haikuwepo. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa binti wa Mama Dobi, amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Nyuma yake fundi bomba, kisha wengine.

Refa akaingia kupitia pale palipokuwa na mlango, akaketi, akasafisha koo.

"Anayefuata! Karibu, mwanangu."

Binti hakusogea.

"Karibu, ingia."

"Bado kuna mtu ndani, Refa," akasema. Hakusema kwa hasira wala kwa kilio. Alisema kama mtu yeyote anavyosema kwenye foleni, na fundi bomba nyuma yake akatikisa kichwa kukubali.

Refa akakigeukia kiti cha wageni. Kilikuwa kitupu. Lakini mbele yake, sakafuni, palikuwa na nyayo mbichi za maji. Safari hii zilikuwa mbili, ya kushoto na ya kulia, zimepangwa sambamba, mbali kidogo na kiti, kama za mtu aliyenyoosha miguu na hana haraka.

Akasimama. Akatembea mpaka kizingitini, mahali ambapo foleni yote ingemwona, akashikilia fremu tupu ya mlango, yeye aliyewahi kusimama katikati ya wachezaji ishirini na wawili wanaotaka kumpiga.

"Mama yako hakuwa na wazimu," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akaipandisha. "Sikilizeni wote. Mama Dobi alikuwa na akili zake timamu. Siku ile alikuwa kwenye foleni hii, wa kwanza. Kandambili yake nyingine ilikuwa hapa, imemshikia nafasi. Mimi niliiona, nikajua ni yake, nikairuka nikaenda mpirani. Msibani kwake niliyajua haya yote, nikanyamaza."

Binti alimtazama usoni. Kisha akasogea kando, mgongo ukutani, akainamisha kichwa kidogo, kama unavyompisha mkubwa wako mlangoni. Nyuma yake fundi bomba naye akasogea ukutani, akavua kofia. Akafuata mama mwenye mtoto, na aliye nyuma yake, na mwingine, mmoja mmoja, kupisha, mpaka mtu wa mwisho kabisa kule kwenye ngazi. Upepo mdogo wenye harufu ya sabuni ukapita kati yao, ukashuka ngazi.

Foleni ikajirudisha kama ilivyokuwa. Binti akaingia, akaketi kwenye kile kiti, na sakafu chini yake ilikuwa imekauka.

"Haya, Refa," akasema. "Sasa ni zamu yangu."

Refa akageuka kutaka kufunga mlango, na mlango haukuwepo.