Siku Nilipomfuata Mama Mkwe Ng'ambo ya Kijito

Nakumbuka alasiri moja ya kiangazi, mwanangu, nimejibanza nyuma ya mchikichi ng'ambo ya kijito, nikimpeleleza mama wa mume wangu. Mwanamke mtu mzima, mke wa mtu, nimeacha mpunga kwenye kinu nyumbani, niko nachungulia kama mwizi wa kuku. Ngoja nikueleze nilivyofika pale, maana kosa halina mlango mmoja wa kuingilia.

Mimi Feza nilizaliwa upande wa Kabambare, kwa Wabangubangu. Niliolewa Kasongo zamani za Wabelgiji, na mume wangu Amisi alikuwa mtu wa kununua mpunga vijijini na kuuleta mjini kwa baiskeli. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki. Nyumba ilikuwa ya mama yake, Mama Zaina, na ndani yake alikaa pia wifi yangu Asha, ambaye mume wake alikuwa mbali katika kazi za barabara.

Mama Zaina huyo alikuwa kazi tupu. Alfajiri keshafagia uwanja. Jua likitoka yuko shambani kwenye mpunga. Akirudi anatwanga sombe, majani ya muhogo, anakamua mawese, anapeleka chakula kwa wagonjwa wa mtaa, anaamua ugomvi wa majirani. Nami, bibi arusi mgeni, nikaona aibu kupumzika mbele yake. Nikawa nashindana naye. Akibeba kuni mzigo mmoja, mimi miwili. Kwetu nilifundishwa kwamba kazi mbaya si mchezo mwema, nikaushika msemo huo kama mtoto anavyoshika titi. Mwaka wa kwanza haujaisha, nilikuwa nimekonda, na nilikuwa nawakaripia hata kuku.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililonisumbua. Kila siku, baada ya sala ya alasiri, Mama Zaina alifunga kitu kwenye ncha ya kikwembe chake, ile nguo ya kujifunga kiunoni, akashika njia ya kijitoni, akapotea. Hakubeba ndoo wala jembe. Kabla ya magharibi alikuwa amerudi, na uso wake umetakata kama mtu aliyetoka kusikia habari njema. Anaenda wapi? Anafunga nini pale kwenye kikwembe? Kwa nini hasemi? Nikiosha vyombo naliwaza, nikipepeta mchele naliwaza. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, nami nilikuwa na kinywa. Ila niliogopa kuonekana mkwe mdadisi, kwa hiyo nikachagua kuwa mkwe mpelelezi. Wewe pima mwenyewe lipi lilikuwa baya zaidi.

Ndipo nikamfuata.

Kule ng'ambo, penye kivuli, niliona wanawake wawili wameketi chini wamenyoosha miguu. Mmoja Mama Zaina. Wa pili mwanamke wa rika lake, msalaba shingoni, mikono ina vumbi la shamba. Mbele yao ardhi ilikuwa na vishimo vidogo vidogo, safu kwa safu, na mikono yao ilikuwa inapita juu ya vishimo vile haraka, ikitia, ikitoa, huku midomo inanong'ona. Sikujua ni nini. Nikakaza masikio. Mara Mama Zaina akapiga kofi hewani na kusema kwa sauti:

“Veronika! Leo nimekula watoto wako wote! Hakuna hata mumoja amebaki!”

Na yule mwingine akacheka, akajibu, “Kesho na mimi nitakula wako.”

Unajua, mwanangu, kwetu neno kula lina maana ngapi; hata mchawi akiua mtu husemwa amemla. Na katika nyumba yetu, miezi miwili nyuma, tulikuwa tumezika mtoto wa Asha, mtoto wa kiume aliyeanza tu kusimama, aliyeugua siku tatu. Nikakimbia. Kijito nilikivuka bila kukunja nguo.

Asha nilimkuta anatwanga ule mpunga nilioutelekeza. Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kungoja mume wangu arudi, au kujimwagia maji kichwani kwanza. Ulimi hauna mfupa. Nikamwambia kila neno nililosikia. Asha aliuweka mchi chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akaniuliza swali moja tu:

“Alisema wote?”

“Alisema wote.”

Maji yakimwagika hayazoleki. Jua la kesho yake lilipopanda, ndugu walikuwa wamejaa uwanjani. Aliyewaita ni Baba Mukubwa Sumaili, kaka wa marehemu mkwe wangu, mzee aliyefundisha watoto Kurani, mtu ambaye neno lake lilitosha kumtoa mtu katika nyumba. Walikuwapo waliotaka jambo lipelekwe moja kwa moja kwa sultani wa wilaya, na huko, ukishaitwa mchawi, hata ukishinda shauri, jina halikutoki. Mama Zaina aliketi kwenye mkeka, ametulia, hajui bado ni mimi niliyesema. Yule Veronika naye aliitwa. Alikuja mbio akihema, maana siku hiyo kapita, msimamizi wa serikali, alikuwa anapita kukagua mashamba ya pamba ya lazima, na mwenye shamba asiyekutwa alijua kitakachompata. Alikuja hata hivyo.

Baba Mukubwa akaniita mbele. “Feza, sema ulichosikia. Usiongeze, usipunguze.”

Nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo kama ya mbu. Nilipofika kwenye “nimekula watoto wako wote”, Veronika alipasuka kicheko. Kisha akauona uso wa Asha, kicheko kikamfia mdomoni, akajifunika kwa kiganja.

Mama Zaina hakucheka. Alinitazama. Halafu akainuka, akaenda katikati ya uwanja, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa vidole. Kishimo kimoja, cha pili, cha tatu. Safu zilipotimia akafungua ncha ya kikwembe. Zilimwagika mbegu, ngumu, za kijivu, zimeng'aa kwa kushikwa miaka mingi.

“Hawa ndio watoto,” alisema. “Baba yangu aliwaita hivyo. Shemeji, njoo uhesabu kama kuna mutu ndani yake.”

Mzee Sumaili akainama. Akaokota mbegu moja, akaigeuza. “Subhanallah. Hii iko kisolo, bao letu la kienyeji,” alisema. “Hii tulicheza tukiwa vijana, tukichunga ndege kwenye mpunga. Mwanamuke, nani alikufundisha?”

“Baba. Hakuzaa mutoto mwanaume, akakosa wa kucheza naye.”

“Na huyu?”

“Huyu nilimufundisha mimi. Tulikutana kijitoni, sisi wawili wasichana bado, tukichota maji. Yeye alikwenda misheni, mimi niliolewa huku mujini. Tukasema, tusipotafuta saa ya kuonana, kazi zitatumeza.”

Wengine walianza kucheka kwa haya, wengine wakavaa viatu vyao kimyakimya. Lakini Mama Zaina hakuwa amemaliza. Alikwenda hadi alipokaa Asha, akamshika mabega.

“Mutoto wako alikuwa mujukuu wangu,” alimwambia. “Siku tulitoka makaburini, wewe ulilia, nami nilipika chakula cha wageni. Siku saba nilipika. Nilikosa mahali pa kuweka kichwa changu. Nikaenda kule kwa Veronika, tukacheza bila kusema neno, machozi yanaanguka ndani ya vishimo. Ningekuambia, lakini niliogopa utasema, mama anacheza na mutoto yuko udongoni.”

Asha akamwangukia kifuani, akalia kilio ambacho tangu msiba sikukisikia. Baba Mukubwa akasoma Fatiha, akawaruhusu watu. Mwenyewe alibaki. Akakohoa, akaketi chini pale kwenye vumbi pamoja na kanzu yake nyeupe, akasema apewe upande mmoja. Mama Zaina alimla watoto wote kabla ya adhuhuri.

Usidhani mambo yaliishia kwenye vicheko. Veronika hakukutwa shambani, akapigwa faini, na alilipa kwa sababu ya ulimi wangu. Nami nilikaa siku nyingi nikingoja kurudishwa Kabambare. Asha alizungumza na kila mtu isipokuwa mimi. Amisi alirudi safarini, akasikia, akatikisa kichwa, akaenda kulala. Hilo liliniuma kuliko fimbo.

Siku ya tano au ya sita, tukiwa tunapepeta mchele wawili tu, Mama Zaina alisema bila kuinua macho, “Macho hayana pazia, mwanangu. Sikukasirika kwa sababu uliona. Lakini kinywa kilikuwa na kazi gani, usiniulize mimi mwenyewe?”

“Niliogopa, mama.”

“Sasa uliza.”

Nikauliza kile hasa kilichonikera tangu mwanzo: kwa nini mtu mwenye kazi nyingi vile, mtu ambaye hata kukaa hakai, anaacha moto, anaacha mpunga, anakwenda kuhamisha mbegu kutoka kishimo hadi kishimo?

Aliweka ungo chini. “Toka uje hapa, umewahi kuona siku kazi imekwisha?”

“Hapana.”

“Basi mimi ningengoja nini? Kazi haina mwisho, Feza. Mimi niko na mwisho.” Akachukua tena ungo, akapepeta kidogo, kisha akanigeuzia swali. “Na wewe? Kule kwenu, wakati hakuna mutu alikutuma, ulipenda kufanya nini?”

Mwanangu, nilifungua kinywa, hakikutoka kitu. Nilitafuta. Niliona kisima cha kwetu, niliona kinu, niliona mgongo wa mama yangu. Kitu changu mimi sikukiona. Nikaanza kulia, si kwa majuto, kwa hofu, kama mtu aliyetia mkono mfukoni akakuta tundu. Yeye hakunibembeleza. Na nilipokuwa nafuta pua nikakumbuka: rangi.

Nilipokuwa msichana nilipenda kuchemsha vitu nione vitatoa rangi gani. Magome, majani, mizizi, hata kutu ya jembe kuukuu. Nilitia ndani miaa ya kusukia mikeka, nikangoja. Mama yangu alinifukuza mara nyingi kwenye sufuria zake. Nilipochumbiwa niliacha, na hakuna aliyeniambia niache. Niliacha tu, kama nguo ya utotoni.

“Chungu kile chenye ufa, chukua,” alisema Mama Zaina. “Baada ya alasiri, saa yako. Moto nitauangalia mimi kabla sijakwenda, na ukizimika, utawashwa.”

Nikaanza kwa kuona haya. Nilijifunza kwamba jani la kijani linaweza kutoa maji ya manjano, na ua jekundu likatoa uchafu tu. Nilizika miaa kwenye tope jeusi la kijitoni, nikaichimbua kesho yake: bado rangi yake ile ile. Kwa nini? Nikachemsha na majani kwanza, kisha nikazika. Ikatoka nyeusi kama bawa la kunguru, nikapiga kelele peke yangu. Shati moja la Amisi niliharibu kabisa, akalivaa hivyo hivyo hadi vijiji vya Wamaza na Lusangi, akiwaambia watu ni mtindo mpya. Kazi zangu zilipungua? Hata moja haikupungua. Ila kuku walipumzika na ukali wangu, na usiku nilikuwa na jambo la kumsimulia mume wangu lisilohusu chumvi iliyokwisha.

Alasiri moja kivuli kikaangukia chungu changu. Ilikuwa Asha. Alichungulia ndani, akauliza, “Hili gome la muti gani?” Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile. Nikamwambia jina la mti. Akachutama, akakoroga.

Sasa, mwanangu, nisikilize. Siku hizi nakuona unakula umesimama na unazungumza unatembea, na nikikuuliza habari unanihesabia kazi. Kazi ni nzuri, imetulisha. Lakini bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe ni wewe. Tafuta kitu kimoja kisicho cha bwana kazi wala cha soko, kitu unachokipenda kwa kukistaajabia tu. Kiwe kidogo. Kipe saa yake, na saa hiyo uiheshimu kama unavyoheshimu saa ya kula. Usingoje kazi iishe. Ukiona mwenzako ana chake usichokielewa, usimwazie ubaya. Mwendee mchana kweupe, umuulize, labda atakuonyesha. Na usimfiche wa nyumbani kwako furaha yako, maana hata Mama Zaina alikiri baadaye kwamba ukimya wake nao ulikuwa na sehemu katika balaa lile. Tangu hapo alikuwa akiaga: “Nakwenda kucheza.” Tukamjibu: “Mama, ushinde.”

Mungu akupe mikono yenye kazi na moyo wenye nafasi. Akujalie chungu kizima cha chakula, na rafiki wa kukungoja ng'ambo. Na siku mtu atakapokuuliza unapenda nini, mwanangu, usikose jibu. Amina.