Nikicheka Naanguka

Admin, jina langu lifiche kabisa, Tunduma hii tunajuana. Mimi ni dada wa miaka 23, fundi simu, ufundi nimejifunza mwenyewe kwa kufungua simu mbovu. Naandika mbio mbio maana keshokutwa ndo Jumamosi.

Jamani, nikicheka naanguka. Sio utani! Magoti yanalegea, shingo inalala, napiga chini kama gunia. Nasikia kila kitu ila hata kope siinui. Dakika moja, naamka. Mwaka wa tatu huu. Zahanati walisema kifafa, vidonge nimekunywa mpaka basi, naanguka vilevile. Na mchana usingizi unanibeba na simu ya mteja mkononi.

Kijiweni wamefanya mchezo, wananichekesha makusudi nianguke. Side, ninayefanya naye kazi meza moja, ndo kinara. Juzi juzi hapa kaigiza dereva wa Kizambia anavyogombana na trafiki, nikacheka, nikaangukia chuma cha kuchomelea kikiwa moto. Nanusa nyama yangu mwenyewe, mkono siwezi kuutoa, na Side anarekodi: "Mcheki fundi, betri imekata!" Alipoona moshi ndo akaruka kunivuta.

Habari za video zikafika mpaka kwa mama. Akamfuata Side, akamsimamia mpaka akaifuta.

Nikaenda Mbeya na kidonda changu. Daktari, dada mdogo tu, akauliza, "Ukianguka unasikia watu?"

"Yote, hata matusi."

Akaacha kuandika. "Hiki kinaweza kisiwe kifafa. Jumatatu bingwa wa mishipa ya fahamu anakuja, siku moja tu. Ungekuwa na video unavyoanguka, ingemsaidia sana."

Side kafuta, lakini mimi si fundi? Nimeirudisha kutoka kwenye simu yake! Iko kwenye memori kadi, nimeificha ndani ya soksi.

Nikamwambia mama. Akasema, "Mwanangu, umechezewa. Jumamosi tunavuka kwenda Nakonde, Zambia, kwa mganga, utakaa wiki mbili."

"Mama, niende Mbeya kwanza, Jumatatu tu..."

"Ukawaonyeshe aibu yako? Nenda. Ila kwangu usirudi."

Anasema hivyo huku analia, na huku ananifunga bandeji. Kila asubuhi ananifunga yeye. Ningekuwa namchukia ingekuwa rahisi.

Nimfuate Jumamosi, au nitoroke na kadi yangu? Mngekuwa nyie mngefanyaje? Semeni ukweli, hata ukiuma. Ila kwenye komenti vichekesho hapana, nawaomba. Niko mezani, na chuma kiko moto.