Kioo Kilichotoka Ndani ya Kompyuta ya Edna

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya mwezi wa sita, baridi yetu ya Songea imekaza, shangazi yangu Kostansia alipopiga hodi akiwa amebeba kompyuta kichwani kama anavyobeba tenga la mahindi. Ilikuwa ya Edna, binti yake wa pekee, mwalimu, aliyefariki kule Nakapanya muda mfupi baada ya kujifungua. Vitu vyake vilikuwa vimerudishwa nyumbani Ruhuwiko, na katika vyote shangazi alikitaka kimoja tu.

"Picha zake zimo humu," aliniambia. "Na sauti yake akimwimbia mtoto. Wewe umesomea mambo haya. Nitolee."

Nilichosomea mimi kilikuwa kuchapa barua tu. Nikaipeleka kwa Fundi Yassini, Myao wa Tunduru mwenye kibanda mjini. Kwake hakikutupwa kitu. Diski za zamani, zile zinazotunza kumbukumbu ndani ya kompyuta, alizifungua. Visahani vyake vinavyong'aa akavigeuza saa za ukutani na vioo vya kujitazamia, sumaku zake akazibandika kwenye ubao zishike visu vya mama ntilie. Diski ya Edna aliihangaikia sana. Ikawa inagonga tu ndani, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Mwishowe akasema ameshindwa. Labda mafundi wa Dar es Salaam, nao hawaahidi.

Nilikuwa kijana, na kijana hutaka huzuni iishe upesi, hasa ikiwa ya mwenzake. Nikamwomba aifungue, atengeneze saa nzuri nimpelekee shangazi, imfute machozi. Yassini aliweka bisibisi chini.

"Binti, nikiifungua hapa vumbi litaingia, na hata huyo fundi wa Dar hatapata kitu tena. Wewe unaona chuma chakavu. Mama yule amemweka mwanawe humu. Nenda kwanza ukamuulize."

Niliona haya. Nikamrudishia shangazi diski yake, nikamwambia ukweli. Hakulia. Aliifunga kwenye kitenge cha Edna, akaiweka kabatini, na kila aliyesafiri kwenda Dar alibebeshwa swali lile lile la mafundi. Watu wakadhani amesahau, kwa kuwa alilima na kucheka kama zamani. Lakini mwenye kovu usidhani amepoa. Miaka ikaenda, mjukuu wake Neema, yule mtoto aliyeachwa na Edna, akaanza shule, na fundi wa kuiweza hakupatikana.

Ndipo asubuhi moja shangazi akanipitia, tukaenda wote kwa Yassini. Alifungua kitenge, akamkabidhi diski.

"Ifungue, baba. Nimechoka kuiatamia kama yai viza."

Yassini alimuuliza mara mbili kama ana hakika, kisha akafungua polepole, akisema Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Kifuniko kilipotoka, kisahani kiking'aa, shangazi aliinama akakitazama kwa muda mrefu.

"Nilidhani nitamwona yeye," akasema. "Najiona mimi."

Akalia kilio ambacho hata siku ya maziko sikukisikia. Yassini alitoka nje, akatuachia kibanda.

Alipotulia, saa aliikataa. Alitaka kioo. Alikitundika chini ukutani, usawa wa macho ya Neema, na nilipokwenda kuwatembelea nilimkuta amepiga magoti nyuma ya mtoto, anamwonyesha: paji hili ni la mama yako, pua hii mmeichukua kwangu wote wawili. Neema alijigusa paji la uso taratibu, kama mtu anayeogopa kuliamsha. Sauti ya Edna hatukuipata, mpaka leo.

Mwanangu, naona vijana wa siku hizi mnavyookota kompyuta mbovu mkaziumba upya, na kazi hiyo naisifu. Ila kabla hujafungua, uliza ilikuwa ya nani, na nani bado anaitumainia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Usiuharakishe kwa sababu wewe umechoka kuutazama. Na picha za uwapendao kazisafishe kwenye karatasi, usiziachie mashine peke yake. Wimbo wa mama yako jifunze, uuimbe mwenyewe angali hai akusahihishe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akupe mikono ya kuunda na moyo wa kusubiri, na sauti za kwenu zisipungue nyumbani mwako.