Aliyekuwa Akivuka Taa kwa Namba Yangu

Cheka ukitaka, lakini cheka ukishasikia mpaka mwisho. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Mwanza, na shahidi ninaye, tena shahidi mwenye sare.

Ninaendesha teksi. Ninakaa Kiseke na wanangu, na gari hilo ndilo linalotulisha. Abiria hunichoka, maana taa ikiwa nyekundu nasimama hata kama barabara ni tupu. Basi fikiria nilivyojisikia nilipoangalia kwenye simu nikakuta faini: kuvuka taa nyekundu, Nyakato, alfajiri. Alfajiri! Wakati gari limefungiwa uani na mimi nakoroma. Nikadhani ni makosa ya mashine, nikalipa yaishe. Ikaja nyingine. Halafu nyingine.

Nikamfuata askari wa barabarani anayesimamia makutano yale, kijana wa Misungwi, mpole lakini mbishi.

"Afande, gari langu lilikuwa nyumbani."

"Dada yangu, nimeliona kwa macho yangu. Rangi ile ile, namba ile ile, hata pale mlangoni palipobonyea. Linapita, halisimami." Akashusha sauti. "Na pointi za makosa zinakaribia kujaa. Mara moja tena, leseni inafungiwa."

Leseni ikifungiwa, wanangu watakula nini? Nililia mbele yake bila aibu. Kisha hasira ikanipanda. Nikamwambia kesho alfajiri nakuja na gari langu, naliegesha hapo hapo, huyo mwingine akipita tumwone wote wawili. Akakubali, nadhani ili ninyamaze tu.

Kesho yake tukawa pale, tumeegemea gari langu, ukungu wa ziwani bado haujainuka. Taa ikawa nyekundu. Niamini usiamini. Gari lilikuwa linakuja, na halina mlio. Si injini, si tairi. Lilikuwa gari langu! Afande akaangalia namba ya lile, akaangalia ya hili, tochi ikamdondoka.

Nikakimbilia barabarani na matusi niliyoyaandaa usiku kucha. Likapunguza mwendo kunikwepa, nikamwona dereva: mzee, mvi tupu, amevaa koti, simjui hata leo. Hapo malezi ya mama yangu yakanizidi nguvu. Badala ya tusi, nikajikuta nimekunja goti.

"Shikamoo, babu!"

Wewe umewahi kuona mzee wa huku kwetu akaamkiwa asiitikie?

"Marahaba, mjukuu wangu."

Hajafunga mdomo, gari likayeyuka. Palipokuwa na gari pakawa na fisi mkubwa, ana ushanga shingoni, anahema. Mzee amekaa mgongoni, miguu inaburuza kwenye lami, anatutazama kama mtu aliyefumaniwa. Fisi akambwaga, akatimka. Mzee akaokota kiatu chake akamkimbilia, wakapotelea kwenye mawe.

Afande akakaa chini pale pale. "Kwetu tunasikia," akasema, "mchawi anayesafiri juu ya fisi aliyemgeuza gari haruhusiwi kutamka neno njiani. Akitamka, dawa inavunjika."

Jamani, nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya makutano. Nimeshinda!

Habari za fisi afande hakuzipeleka kwa wakubwa wake, nani angemwelewa? Alieleza tu kwamba gari halisi lilikuwa mbele yake wakati jingine lenye namba hiyo linapita. Ikatosha. Faini zikafutwa, na pointi zote. Mpaka leo sijapata kosa tena, na nikipita pale ananipigia saluti, abiria wanadhani mimi ni mkubwa serikalini. Nawaacha hivyo hivyo. Ila gari lisilo na mlio likinipita, bado naangalia kwanza kama lina magurudumu.

Na wewe, ukibandikiwa kosa usilolifanya, usilipe kimya kimya. Nenda kasimame pale pale linapofanyika, uwe na shahidi. Huyo anayetembea kwa jina lako akitokea, mwangalie kwanza umri. Akiwa amekuzidi, meza matusi yako, umwamkie kwa sauti.