Fungate ya Kasuku Wadogo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa bakuli la mtama, nikaambiwa nipulize. Nililiona limejaa pomoni. Nilipopuliza, karibu yote yakapeperuka: yalikuwa makapi matupu. Kasuku wadogo huambua punje, wakala kiini, wakaacha ganda palepale juu. Asiyejua huona chakula tele, kumbe ndege wanashinda na njaa.

"Hiyo ndiyo nusu ya kazi," akasema Bi Mkubwa, mwenye nyumba. "Nusu ya pili nitakuonyesha ukimaliza kukohoa."

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, mjini Malindi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Taveta, na miguu yangu haikutaka kutulia. Nyumba ile ilikuwa ya Waislamu wenye asili ya Kihindi, waliocheka na kugombana kwa Kiswahili. Uani kulikuwa na kizimba cha mbao na waya, kirefu kuliko chumba nilichopanga, kimeezekwa makuti. Alikijenga marehemu mume wa Bi Mkubwa. Ndege aliowaacha walikuwa wameanza kuzeeka, na tangu afariki hapakuwa na kinda hata mmoja aliyeanguliwa.

Mwana wao alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, nasi wafanyakazi tukimwita Tajiri. Alikitamani kizimba kile akifanye ghala la saruji.

"Mama, yaani mtu mzima na cheti chake umemwajiri kupuliza makapi?"

"Nawe washinda ukipima misumari. Kuna aliyekucheka?"

Hata hivyo wakaafikiana: Idi ikifika bila kinda, kizimba kitavunjwa. Bi Mkubwa alikubali kwa kujitapa. Lakini jioni ile nilimkuta amesimama peke yake, vidole vyake vimeushika waya, akiwasikiliza wale ndege kama mtu anayesikiliza chumba cha mgonjwa.

Nikajifunza kazi. Dume hutambulikana kwa kingozi chenye matundu ya pua, juu ya mdomo: chake ni cha buluu. Cha jike aliye tayari kutaga hugeuka rangi ya kahawia. Kiota chetu kilikuwa nazi kavu, imetobolewa tundu, ikakombwa nyama yote, ikaning'inizwa. Asubuhi niliteremka ufuoni kuokota mifupa myeupe ya dome, jamaa yake ngisi, kwa sababu jike huiguguna ili mayai yake yapate ganda gumu. Majike wetu wote walikuwa na vingozi vya kahawia, wanene, wenye afya. Mayai hakuna.

Marehemu aliwaacha ndege wake wakae pamoja. Bi Mkubwa aliona huko ni kuwakosesha stara. Akiwa bado edani alikigawa kizimba kwa leso zake za kujitanda, kila dume na jike wake wakapata chumba chao kilichofunikwa pande zote, kama maharusi walio ndani.

"Bi Mkubwa, mbona hawatagi?" nikamuuliza.

"Hawajazoeana. Fungate haiharakishwi."

"Lakini fungate si siku saba tu?"

"Hiyo ni ya watu. Ndege ana haya zaidi. Nyinyi watu wa bara mtayajulia wapi haya?"

Nikarudi kupuliza makapi.

Mwezi wa Shaabani harusi zilifuatana, kila mtu akitaka kuoza kabla ya Ramadhani. Mpwa wake Bi Mkubwa alikuja mbio hata viatu hakuvua.

"Shangazi, leso za kumtandikia bibi harusi apite hazifiki mlangoni! Nipe hizo zako."

"Hizi zina kazi."

"Kazi gani? Kuwafichia kasuku? Bibi harusi akanyage mchanga kwa ajili ya kasuku?"

Bi Mkubwa akashusha pumzi, akanipa ishara. Nikazifungua leso moja baada ya nyingine.

Kwanza pakawa kimya. Kisha dume mmoja wa kijani akamwona mwenzake wa upande wa pili, akaita. Akajibiwa. Kufikia alasiri uani palikuwa hapasemezeki. Madume waliwatapikia majike wao chakula mdomoni, ndiyo posa yao hiyo, kila mmoja akitaka kumpita jirani. Harusi ilipoisha, jike mmoja alikuwa ameshaingia ndani ya nazi, mkia tu ukionekana.

Leso zilirudi zimefuliwa. Bi Mkubwa alichukua moja, akainua mikono aitundike, akasita.

"Kumbe fungate yao ni kelele," akasema. Akajifunga ile leso kiunoni.

Asubuhi ya Idi Tajiri alikuja uani na kanzu yake mpya. Mama yake akamwita, akamwambia atege sikio kwenye nazi. Ndani kilisikika kilio chembamba, kisha kingine.

"Sasa saruji yangu niiweke wapi?"

"Kalale nayo."

Kutoka hapo nilihamia Kikambala, kwenye hoteli ya ufuoni. Meneja alitaka kila dume na jike wake wawekwe pembe yao ya bustani, mbali na wengine. Nilimsihi awaache wasikizane, akakubali kwa kunung'unika, na makinda wakaja. Baadaye nilikwenda Gongoni kwa msimamizi mmoja wa mashamba ya chumvi, ambako upepo ulitulazimisha kuziba upande mmoja wa kizimba kwa mabati. Kisha nikaacha ndege, nikawa mtu wa barabara: leo fundi, kesho karani. Sasa nina miaka arobaini na kitu. Nyumba nimepanga nyingi, na kila nilipopata chumba kimya sikudumu humo.

Juzi nilipitia Malindi. Bi Mkubwa alikwisha kutangulia mbele ya haki, lakini kelele niliisikia tangu kichochoroni. Nikabisha hodi, nikaelekezwa uani. Tajiri, ndevu zimekuwa nyeupe, alikuwa amekaa kwenye kigoda, mashavu yamemjaa upepo, makapi yamemtapakaa kwenye kofia.

"Shikamoo, Tajiri."

"Marahaba." Aliniangalia, akanitambua, akanisukumia bakuli la pili kwa mguu. "Puliza hilo."

Nikaweka mkoba chini, nikapuliza.