Mkono Wangu kwenye Tanuru la Masanja

Naikumbuka vizuri siku niliyokandika tanuru la Masanja, mwanangu, na sijawahi kukusimulia kwa sababu naona aibu. Lakini juzi uliponipigia simu kutoka Lusahunga ukimsema jirani yako, yule dada anayeshindilia matofali ya udongo na saruji kidogo bila kuyachoma, ukasema eti amewaroga wateja wako wa matofali ya kuchoma, nilisikia sauti yangu mwenyewe ya ujanani. Ndiyo maana nimekuita nyumbani. Kunywa chai, unisikilize.

Hapa Kanazi, kabla ya Masanja, mtu akitaka tofali alikuja kwangu. Baba aliniachia kalibu, lile umbo la mbao la kufyatulia, nikafyatua na kuchoma, na nyumba nyingi za kuelekea kanisani ni kazi yangu. Nilichoma kwa magogo. Kila tanuru lilikula miti ya kile kilima cha nyuma, na shoka likala kidole changu cha kati, hili pengo ulilokuwa ukilicheka utotoni.

Masanja alikuja kutoka Shinyanga na mke na ng'ombe wachache. Alikuwa mdogo wangu kwa umri, na kila asubuhi alinipa shikamoo yangu. Alipoanza kufyatua ng'ambo ya kijito sikujali. Nilianza kujali nilipomwona akijaza magunia nyuma ya kinu cha kukobolea kahawa. Alikuwa akizoa maganda, yale tuliyoyaacha yaoze mpaka yanuke kijiji kizima. Akayaanika, na alipopanga tanuru akayatandaza kati ya safu na safu, magogo yakabaki machache ya kuwashia tu. Nilimcheka mbele za watu. Tanuru lilipofunguliwa, matofali yalikuwa mekundu, ukiyagonga yanalia.

Nilimwonea wivu mpaka nikajua siku anazofua shati lake. Mteja akivuka kijito, nilimhesabu kama mwizi. Mama yako alinishauri nami nikazoe maganda, yalikuwa mengi na ya bure, nikamjibu kwamba mimi siokoti takataka. Kiburi hicho sikukitoa kwa baba yangu, nilikitengeneza mwenyewe.

Kisha shule ikataka darasa. Darasa la kwanza walikuwa wakisomea kanisani, dada yako akiwa mmoja wao, na ikinyesha walirudishwa nyumbani kwa sababu paa la kanisa lilivuja. Kamati ikampa Masanja kazi ya matofali. Mwenyekiti alisema wamechoka kukiona kilima kikiwa kipara. Alikuwa akiniangalia mimi.

Unajua desturi yetu ya kukandika. Tanuru likishapangwa, wafyatuaji wote hualikwa, kila mmoja hupewa upande wake aupake tope kwa mikono ili joto lisitoke, kisha mwenye tanuru anawapa chakula na pombe ya ndizi. Hakuna anayekataa mwaliko, na hakuna anayekagua upande wa mwenzake, maana kukagua ni kumtukana. Masanja akanipa upande unaopigwa na upepo. Aliniambia mbele ya wote kwamba ule ndio upande mgumu, unamtaka fundi.

Nikapaka tope jembamba kama siagi ya mtu bahili. Penye nyufa nikalainisha juu tu, ndani nikaacha wazi. Kisha nikaenda kula ugali wake, na nikaomba nyongeza.

Upande ule haukuiva. Tofali nyingi zilitoka mbichi, nyingine zimepasuka, na kamati ikaja kwangu haraka niokoe darasa. Nilifurahi, sikufichi. Nikachukua shoka nikapanda kilimani, na huko juu sikupata mti hata mmoja wa kuchomea. Visiki vitupu. Nilizunguka kutoka kimoja hadi kingine, na vingi nilivitambua, kwa kuwa nilivikata mimi. Niliteremka mikono mitupu, na mvua ya vuli ilikuwa imeanza.

Masanja alinikuta nimekaa mlangoni. Alikuwa amebeba kipande chembamba cha tope lililoungua likawa gumu kama kigae. Akanishikisha. Juu yake kulikuwa na alama ya kiganja, na kati ya vidole palikuwa na pengo.

"Kaka, huu ni mkono wako," akasema. "Ningetaka kukuaibisha, ningeupeleka kwa mwenyekiti. Nimeuleta kwako kwa sababu napanga tanuru jingine, na ukiamua, hakuna anayekandika kukushinda."

Nilimfuata.

Pale kwake niliona ambacho macho yangu ya wivu hayakukiona. Tofali mbichi alikuwa ameziloweka ziwe udongo tena, azifyatue upya. Zilizopasuka tulizitwanga, zikaenda kushindiliwa chini ya sakafu ya darasa. Majivu yalikwenda kwenye migomba. Nilikandika upande ule kwa siku nzima, tope nene, na darasa likasimama. Hadi leo watu wanaliita darasa la Masanja, na hadi leo linaniuma kidogo.

Sasa wewe. Siku hizi mnasema tanuru la magogo linatoa hewa ya ukaa, sisi tuliona moshi tu. Ukirudi Lusahunga, mpe yule dada salamu kwanza, kisha muulize udongo wake anauchanganyaje. Kwa matofali utakayoendelea kuyachoma, tafuta pumba na maganda kabla ya kutafuta gogo, na tofali bovu usilitupe barabarani. Panda miti kabla hujaihitaji. Na wivu ukikushika, maana utakushika, wewe ni damu yangu, uende nao kazini kwa huyo unayemwonea ukajifunze, usiende nao kuharibu.

Mungu abariki mikono yako, udongo wako uive vema, na watoto wa watu walale salama ndani ya kuta zako. Kigae kile ndicho hiki nilichokufungia kwenye kitambaa. Kitundike pale unapofyatulia, na wakikuuliza ni mkono wa nani, usinifiche.